Jinsi ya kukagua kimondo cha Mwezi kabla ya kununua
Kimondo cha Mwezi ni jiwe lililotoka Mwezini na kuanguka duniani. Anza na jina rasmi, mfano NWA (Northwest Africa, yaani Afrika Kaskazini-Magharibi) na namba yake. Litafute kwenye hifadhidata ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo; lisipokuwepo, usilipe. Kisha kagua uso uliokatwa kwa lenzi ya mara 10: mawe mengi ya Mwezi yana vipande vyeupe vyenye pembe kali, vilivyogandamana ndani ya ungaunga wa kijivu. Punje za chuma zinazong'aa kila mahali ni dalili ya kimondo cha kawaida, kisichotoka Mwezini. Sumaku iweke mbali kabisa. Hufuta usumaku wa kale ambao wanasayansi wanauhitaji, na hasara hiyo hairekebishiki. Uthibitisho hutoka maabara: katika mawe ya Mwezi, uwiano wa chuma kwa manganizi (aina ya metali) huwa karibu 70. Kipande chako huenda kimetoka upande wa nyuma wa Mwezi, ambako safari za Apollo, zilizopeleka watu Mwezini, hazikutua.