Umeme wa pikipiki kuukuu ya spoti: anza pale ulipopita mkono wa mtu

Kazi inayonilisha ni friji na AC, hapa Kigamboni. Pikipiki ni za jioni: yangu, Honda CBR600F ya 1997 yenye kabureta nne, na za vijana wanaozisukuma hadi getini wakisema, "Fundi, nimeweka betri mpya na bado haiwaki." Kabla sijashika spana huwa nauliza swali moja tu: umeongeza nini, umetoa nini? Alamu, GPS, taa za LED, honi ya gari, chaja ya simu, mkia uliokatwa ili uonekane mfupi, swichi ya stendi iliyorukwa. Ukiona mtu anaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa pili, ujue kazi ipo.

Pikipiki ya umri huu imepita kwa watu kadhaa, na kila mmoja ameacha kiungo chake. Nyaya zenyewe, zile za kiwandani zilizolala ndani ya mpira wao mweusi, mara nyingi bado nzima. Kinachokufa ni pale zilipokatwa, zikasokotwa na kuzungushiwa tepu. Kwa hiyo usianze kwa kununua kifaa. Vua makava yote, washa tochi, tafuta tepu. Kila penye tepu isiyo ya kiwandani ni mtuhumiwa.

Vifaa ni vichache: multimita ya dijitali, balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa vipande viwili vya waya, msasa laini, brashi ya waya na dawa ya kusafishia swichi. Mita ya bei chee ya Kariakoo inatosha, ila badilisha betri yake ya ndani kwanza. Mita nyingi za aina hiyo betri ikichoka husoma volti za juu kuliko ukweli, nawe utaisifia chaji ambayo haipo.

Betri, halafu vichwa vyake

Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 mpaka 12.8 imejaa. 12.2 iko kama nusu. Chini ya 12 ni tupu, na vipimo vingine vyote utakavyochukua hapo vitakudanganya, kwa hiyo ichaji kwanza. Kisha weka mita kwenye vichwa vya betri na ubonyeze stata. Ikishuka hadi 10 na kidogo, sawa. Ikiporomoka hadi 8, betri imechoka au stata inakula kupita kiasi. Lakini ikibaki 12.4 huku unasikia tak-tak tu, betri haina kosa: umeme unakwama njiani, kwenye rilei ya stata (swichi ya umeme inayoipelekea stata moto), kwenye kebo nene au kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi.

Angalia pia jinsi pete za nyaya zilivyopangwa kwenye kichwa cha betri. Nimekuta pikipiki ambayo pete ya alamu, ya GPS, ya honi na ya chaja zimekaa chini, kebo nene ya stata imewekwa juu kabisa, yaani umeme wote wa stata unapita katikati ya vibati vya elfu elfu. Kebo nene igusane na risasi ya betri moja kwa moja. Hivyo vingine vikae juu yake, tena vyenye fyuzi.

Ethi nayo ina maradhi yake kwenye pikipiki zilizorembwa. Mtu akipeleka fremu kupakwa rangi mpya, rangi inafunika zile sehemu ambazo waya wa ethi unafungwa kwa bolti. Inang'aa, inapendeza, na haipitishi umeme. Kwangua rangi chini ya ile bolti mpaka uone chuma, funga, halafu paka grisi juu. Kwetu sisi wa karibu na bahari chumvi ikishaingia kwenye shaba inatambaa ndani ya mpira wa waya. Ukikata waya ukakuta rangi ya kijani, endelea kurudi nyuma hadi ufike shaba inayometa. Kuunga juu ya kijani ni kupoteza jioni yako.

Nyaya tatu za njano

Hapa ndipo Honda wenyewe wana lawama. Kwenye pikipiki zao nyingi za miaka ya 1990, CBR600F ikiwamo, mfumo wa chaji ndio unaojulikana kwa kufa. Koili za chaji zilizo ndani ya injini hutoa umeme kwa nyaya tatu za njano. Nyaya hizo zinaingia kwenye soketi ya plastiki, halafu kwenye rekitifaya, ambayo inageuza umeme huo uwe wa betri na kuuzuia usipande kupita kiasi.

Washa injini, ipandishe mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika, upime kwenye betri. Ukiona 13.5 hadi 14.8, chaji ni nzuri, nenda ukatafute tatizo kwingine. Ukiona inapita 15 na bado inapanda, zima: rekitifaya imeshindwa kuzuia, au waya wake wa kupimia volti au wa ethi umelegea, na ukiendelea utaunguza balbu na kuichemsha betri. Ukiona 12.4 inayoshuka taratibu, hakuna chaji.

Sasa fungua ile soketi ya njano. Ikague kwa macho kabla ya mita. Plastiki nyeupe ikiwa imegeuka rangi ya chai kuzunguka tundu moja, na kipini cha ndani kimekuwa cheusi, umeshapata nusu ya jibu. Kipini kikilegea kidogo kinapata joto, joto linakilegeza zaidi na kuleta kutu, kutu inaongeza joto. Mwisho waya mmoja kati ya mitatu unaungua na pikipiki inabaki na chaji ya kujikongoja: mchana inakwenda, usiku ukiwasha taa kubwa inakufa barabarani. Mimi soketi ya namna hiyo sisafishi. Naikata, naunga nyaya tatu kwa kuzibana na vibano vya shaba, kisha kulehemu, na juu mpira unaonywea kwa moto. Zote tatu zina rangi moja na haijalishi ipi inakutana na ipi.

Kabla ya kuunga, pima koili zenyewe soketi ikiwa wazi. Njano kwa njano, jozi zote tatu: chini ya omu moja (kipimo cha ukinzani), na zilingane. Njano kwa bodi ya injini: pasiwe na mawasiliano kabisa. Kisha washa injini soketi ikiwa imeachana, mita iwe kwenye volti za AC (umeme wa kupishana, kama wa nyumbani), mizunguko 5,000. Utaona volti 50, 60 au zaidi kwa kila jozi. Ninachojali zaidi ni zilingane. Jozi mbili zikisoma 60 na moja 20, koili imeungua. Usizishike kwa vidole wakati huo, zinauma.

Koili zikiwa nzima na betri haipati kitu, watu wanakimbilia rekitifaya mpya. Subiri. Unganisha kila kitu, washa injini na taa, mizunguko 5,000 tena, weka ncha nyekundu ya mita kwenye waya unaotoka rekitifaya kwenda pozitivu na ncha nyeusi kwenye pozitivu ya betri. Usome volti zinazopotea njiani. Zikiwa 0.2 au 0.3, njia ni nzuri. Fanya hivyohivyo upande wa ethi. Jamaa mmoja wa Mbagala alikuwa ameshauziwa rekitifaya mpya na fundi mwingine, betri mpya pia, na bado usiku anasukuma. Kipimo hiki kilisoma zaidi ya volti moja upande wa pozitivu. Tukafuata waya hadi rilei ya stata, pale inapokaa fyuzi kuu ya ampea 30. Soketi yake nyekundu ilikuwa imeyeyuka, fyuzi yenyewe nzima! Kwa macho ya mtu anayekagua fyuzi tu, hakuna kosa. Tulibadilisha soketi na kile kishikio, chaji ikapanda hadi 14.2 hapohapo.

Ikibidi kununua rekitifaya, jaribu kupata ya kampuni ya Shindengen ya aina ya MOSFET (inayotumia transista), kama FH020AA, hata iliyotumika kutoka pikipiki kubwa ya Kijapani iliyovunjwa. Inapata joto kidogo kuliko zile za zamani. Za bandia ni nyingi na zinaandikwa namba ileile, kwa hiyo pima uzito mkononi na uangalie mapezi na umaliziaji wa maandishi. Ifunge penye hewa, siyo nyuma ya kava lililozibwa. Na wale wanaoniambia wameweka LED ili kuipumzisha koili: kwa rekitifaya za aina hii, koili haipumziki. Umeme usioutumia rekitifaya inaurudisha kwenye koili kwa njia ya shoti, nao unazunguka huko kama joto. LED ina faida zake, hiyo siyo mojawapo.

Fyuzi inayokatika

Usiendelee kulisha fyuzi, na tafadhali usiweke waya wa shaba badala yake. Toa fyuzi, weka ile balbu ya wati 21 kwenye nafasi yake. Kukiwa na shoti balbu itawaka kwa nguvu zote na hakuna kitakachoungua. Sasa tingisha nyaya kipande kwa kipande, fungua soketi moja baada ya nyingine. Balbu ikififia ghafla, mkono wako uko juu ya tatizo. Kwenye pikipiki zenye mkia uliokatwa mimi naanzia nyuma: nyaya za taa ya breki na indiketa hupitishwa karibu na tairi, pikipiki ikibeba wawili na kuingia shimoni tairi linapanda na kuzilamba. Ndiyo maana shoti inakuja tu ukiwa na abiria.

Inazima ukikata kona

"Kaka, nikigeuza usukani kulia inazima, nikinyoosha inawaka." Huyu hahitaji koili wala CDI (kisanduku kinachoamuru cheche). Nyaya zinazotoka kwenye swichi ya ufunguo hukunjwa na kukunjuliwa kila kona kwa miaka, shaba inakatika ndani huku mpira ukibaki mzima. Aliyeinua usukani bila kurefusha nyaya ameharakisha. Acha injini ingurume taratibu bila kuipa mafuta, geuza usukani mwisho hadi mwisho, kisha bonyeza nyaya kwa vidole karibu na shingo ya fremu. Waya uliokatika ndani unakunjika kirahisi mno pale. Kama siyo hapo, fungua swichi nyekundu ya kuzima injini na usafishe vigusio vyake.

Ikiwa inazima baada ya kupata moto kisha inawaka ikipoa, hiyo ni habari nyingine. Ikishazima tu, chomoa plagi, iegemeze kwenye bodi ya injini mbali na tundu na mbali na petroli, na utazame kama ina cheche. Kama haina, pima koili ndogo ya ishara (inayoiambia CDI lini cheche itoke) iliyo pembeni ya injini ikiwa bado ya moto, halafu tena ikiwa imepoa, na ulinganishe. Ikisoma omu za kawaida ikiwa baridi na kukatika ikiwa moto, ndiyo hiyo.

Indiketa za LED zinazopepesa kwa kasi zinataka flasha (kile kifaa kinachozipepesa) ya elektroniki. Ile ya zamani inategemea mzigo wa balbu. Na kama dashibodi ina taa moja ya indiketa kwa pande zote mbili, LED zote nne zitapepesa pamoja, maana umeme unavuka kupitia ile taa. Diodi mbili ndogo, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinamaliza hilo.

Betri inayolala ikiwa nzima na kuamka tupu

Zima kila kitu, toa kebo ya negativu, weka mita katikati ya kebo na betri, kwanza kwenye tundu la ampea 10, ukiona ni kidogo hamia milliampia. Usibonyeze stata mita ikiwa hapo. Saa ya dashibodi inakula milliampia chache tu. Alamu na GPS zikiwa zinakula 50, hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya CBR600F hii ina ampea-saa 8 ikiwa mpya. Ukienda msibani Tanga siku nne, ukirudi haiwaki. Toa fyuzi moja moja uone namba inashuka wapi. Isiposhuka kwa fyuzi yoyote, kuna kitu kimeungwa betri moja kwa moja. Zifuate zile pete.

Kifaa cha kuzuia wizi kikiwa lazima, kipe fyuzi yake ya ampea 2 au 3 karibu na betri, na kwenye waya wake funga karatasi ndogo chini ya tepu inayoonekana, umeandika ni wa nini na umeungwa wapi. Vingine vyote, chaja, honi, taa za ziada, vipitishe kwenye rilei inayowashwa na ufunguo.