Ng'oeni Ukoka Mgeni Kabla ya Kupitisha Visu kwenye Grini

Doa la ukoka mgeni, yaani ukoka wenye umbo tofauti na ule uliopandwa, likionekana kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo kwenye uwanja wa gofu), mafundi wengi hukimbilia mashine ya visu vya wima, wakidhani litachanwa mpaka lilingane na nyasi nyingine. Miezi ikipita, madoa yanakuwa mengi, tena yamejipanga kufuata njia ya mashine.

Ukoka chotara wa grini, kama Tifgreen ya 1956 na Tifdwarf ya 1965, zote za Tifton, Georgia, Marekani, ni tasa, yaani hautoi mbegu. Hata zao lao lililogeuka umbo huenea kwa vipande vya shina, na kila kipande chenye kifundo kinaweza kuchipua. Basi visu vile vinapanda! Mashine ya kutoboa udongo nayo hupanda, na ndivyo ilivyo kwa kikata shimo cha gofu mnapotoa kizibo cha nyasi doani na kwenda kuzibia shimo la zamani.

Dawa ya magugu haitawasaidia kuchagua, kwa kuwa doa na nyasi za grini vyote viwili ni ukoka. Kateni.

Wekeni alama asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwani hapo tofauti ya majani huonekana wazi. Kateni sentimita 15 nje ya ukingo mnaouona na sentimita 10 kwenda chini, kisha mwondoe udongo wote. Kikata shimo cha milimita 108 hakitoshi hata kwa doa la ukubwa wa sarafu, na bado naona kinatumika! Fanyeni kazi hii msimu wa joto. Walio nyanda za juu za Kenya na Tanzania wasithubutu kati ya Juni na Agosti.

Kiraka cha kuziba mlipokata kitoke kwenye kitalu cha aina ileile, kamwe si ukingoni mwa grini, ambako ukoka wa njia ya kuchezea nje ya grini huwa umeshaingia. Shindilieni mchanga chini yake, halafu lazeni rula iliyonyooka juu. Kiraka kikizidi milimita 2, mashine iliyowekwa milimita 4 itakipara hadi shinani. Mwagilieni kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku, siku 10 za kwanza. Mkikivuta kisinyanyuke, kimeshika.

Mpaka madoa yote yatoke, grini safi zikatwe kwanza, yenye doa iwe ya mwisho, na visu vioshwe papo hapo kabla mashine haijarudi bandani. Mabaki ya nyasi yasimwagwe karibu na kitalu.