Pima kanieneo ya hewa ya Mbeya kwa chupa tupu na safari ya basi

Kama umewahi kupanda basi Uyole, Mbeya, na chupa tupu ya maji iliyofungwa, ulipofika Dar es Salaam uliikuta imebonyea kama iliyokaliwa. Hakuna aliyeikalia. Hewa uliyoifungia mlimani imesukumwa na hewa ya pwani, yenye kanieneo (msukumo wa hewa kwenye kila eneo) kubwa zaidi. Wanafunzi wangu wa twisheni huikariri kanuni ya Boyle ya mwaka 1662 (kanieneo ikipanda, ujazo wa hewa hupungua) kama shairi, kwa hiyo nikaifanya chupa hiyo kuwa maabara.

Hatua ya 1: Ijue chupa yako. Ijaze maji hadi mdomoni, kisha uyapime kwa bomba la sindano. Usiamini lebo, chupa iliyoandikwa mililita 500 hubeba zaidi. Tuseme yako ni 520. Mwaga maji, iache wazi usiku kucha ikauke.

Hatua ya 2: Fungia hewa ya Mbeya. Alfajiri, chupa ikiwa nje, soma kipimajoto. Tuseme nyuzi 15. Kaza kizibo ukiwa umeshika shingo tu, maana kiganja kikikumbatia tumbo la chupa hewa ya ndani inapata joto na hesabu inaharibika.

Hatua ya 3: Itazame njiani. Hapa ndipo penye utamu, usilale. Basi likiteremka kuelekea Chimala, chupa inaanza kubonyea. Mkipanda Makambako hadi Mafinga inajitanua tena, hata ukidhani kizibo kimelegea. Usikiguse! Halafu mnashuka Kitonga, na hapo inakunjamana moja kwa moja. Idadi ya molekuli ndani ni ileile tangu Uyole. Kinachobadilika ni nafasi zinayobanwa ndani yake.

Hatua ya 4: Fungua chini ya maji. Izamishe chupa kwenye ndoo kwa dakika kumi, ili hewa ya ndani ipate joto la maji. Tuseme 28. Ikiwa bado majini, mdomo ukiangalia chini, fungua kizibo. Maji yataingia na chupa itarudi umbo lake. Iinue au ishushe hadi usawa wa maji ya ndani na ya nje ulingane, funga haraka, itoe, upime yaliyoingia. Mfano: mililita 75. Hewa sasa ina ujazo wa 520 kutoa 75, yaani 445.

Hatua ya 5: Hesabu. Boyle anahusu kanieneo na ujazo. Uhusiano wa joto na ujazo ni wa Charles, ambaye hakuchapisha kazi yake. Gay-Lussac ndiye aliyeitoa mwaka 1802. Ukiwaunganisha: kanieneo mara ujazo, gawanya kwa jotoridi, jibu ni lilelile Mbeya na Dar, mradi hewa haikuvuja.

Jotoridi liwe katika kelvini, yaani ongeza 273: Mbeya 288, Dar 301. Kanieneo ya pwani ni kama kilopaskali 101. Basi:

101 × (445 ÷ 520) × (288 ÷ 301) = takribani kilopaskali 83, ndiyo kanieneo ya Mbeya

Kuna mwanafunzi aliyeweka 15 na 28 bila kuongeza 273, akapata 46. Nikamwambia hewa nyepesi namna hiyo huipati hata kileleni Kilimanjaro. Darasa lilicheka, ila tangu siku hiyo hakuna aliyesahau kelvini.

Hatua ya 6: Hakiki. Ukirudi Mbeya, chemsha maji, tumbukiza kipimajoto kinachofika 110, kisiguse sufuria. Kwa kilopaskali 83 maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Ukisoma 94 au 95, chupa yako ilisema kweli. Na maharage yakichelewa kuiva, usimlaumu aliyekuuzia sokoni Mwanjelwa kabla hujakumbuka nyuzi hizo sita.