Kabla hujafungwa mashine ya presha, omba kiti

Hapa Tanzania wengi hujua wana presha siku kiharusi kimeshawaangusha, maana presha yenyewe haiumi. Kwa hiyo kupima ni jambo jema. Shida ni namna tunavyopima. Mtu anashuka kwenye bodaboda, anaingia duka la dawa huku anahema, na papo hapo mashine inafungwa juu ya shati. Namba ya namna hiyo haisaidii sana.

Kaa dakika 5 bila kupiga soga. Egemea kiti, miguu yote chini (usikunje nne), mkono ulale mezani usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kigusane na ngozi. Kama mkojo umekubana, nenda chooni kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kahawa au sigara ya nusu saa iliyopita nayo hupandisha. Mwenye mkono mnene adai kitambaa kipana. Kitambaa kidogo kitamsingizia presha. Rudia baada ya dakika 1, andika zote mbili na tarehe.

Namba ya juu ikisoma 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, usiazime vidonge vya jirani. Pima tena siku nyingine, kisha upeleke daftari kliniki. Ya juu ikifika 180 au ya chini 120, kamwone daktari siku hiyo hiyo. Na kifua kikibana, mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea ghafla, achana na mashine kabisa: hospitali, sasa hivi, hata namba ikiwa nzuri.