Kabla hujaigonga diski ya breki iliyoganda

Diski iliyokaa miaka mingi kwenye gari la zamani inashikiliwa na kutu kuliko inavyoshikiliwa na skrubu. Chuma kikila kutu huvimba, na ule mwanya mwembamba kati ya tundu la diski na shingo ya habu, ile sehemu ya katikati inayobeba gurudumu, hujaa mpaka vitu viwili vinakuwa kimoja. Unatoa gurudumu, unatoa kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, unaivuta diski kwa mikono miwili, nayo haitikisiki. Hapo ndipo watu hukimbilia nyundo. Kazi hii inataka maandalizi yaanze jana yake.

Kwanza amua kama diski inarudi garini au inatupwa, kwa sababu uamuzi huo ndio unaokuambia ugonge wapi. Kama inarudi, usiguse kwa nyundo ya chuma ule uso unaobanwa na pedi. Kama inatupwa, una uhuru zaidi. Kwenye ukingo au katikati ya diski mara nyingi kuna herufi MIN TH na namba ya milimita: huo ndio unene wa mwisho unaokubalika. Upime kwa venia, ile rula yenye taya za kupimia unene. Ushauri wangu ni kwamba kama imeganda sana na imekaribia kipimo hicho, nunua mpya mbili, za kushoto na kulia, na uwe nazo mkononi kabla ya kulegeza nati yoyote. Zilinganishe na za zamani kwa kipenyo, kimo na matundu ya studi, zile bolti za habu zinazofungwa nati za gurudumu.

Pia hakikisha diski ya gari lako ni ya kuchomoka kwa mbele. Nyingi huvaliwa juu ya habu, lakini Land Cruiser za zamani, kwa mfano, diski za mbele zimefungwa kwa bolti nyuma ya habu, na Honda Accord za mwanzoni mwa miaka ya 1990 nazo diski za mbele ziko nyuma ya habu. Hizo hata uzigonge mchana kutwa hazitoki. Habu ndiyo inayotangulia, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Kwa magurudumu ya nyuma kuna mtego wake. Magari mengi yana viatu vya breki ya mkono ndani ya diski. Diski ikiliwa huacha ukingo kwa ndani, na viatu vinanasa hapo. Achia breki ya mkono, tafuta tundu dogo, mara nyingi lina kizibo cha mpira, na uzungushe kirekebishaji cha viatu hivyo kwa bisibisi mpaka viatu virudi ndani. Kwa kuwa breki ya mkono haitafanya kazi, kabari za magurudumu ya mbele si hiari. Gari likae juu ya stendi, kwenye ardhi ngumu na tambarare. Jeki peke yake haifai hapa, maana kila pigo la nyundo linalitikisa gari zima.

Jioni kabla ya kazi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu pale shingo ya habu inapokutana na diski, kuzunguka kila studi na kwenye skrubu. Asubuhi rudia. Usiyapulizie pedi.

Hizo skrubu ndogo, moja au mbili, zina kazi ya kuishikilia diski tu wakati gurudumu halipo. Nati za gurudumu ndizo zinazobana kwa kweli. Lakini skrubu zikishindikana kutoka, siku yote inasimama. Mimi niliwahi kuanza na bisibisi ya kawaida iliyolegea kwenye msalaba wa skrubu. Mara tatu tu ikageuza kile kichwa kuwa shimo la mviringo lenye kung'aa, na nikalazimika kukitoboa kwa drili huku nikiomba nisiguse habu. Tangu siku hiyo bisibisi ya kugonga, ile inayojizungusha ukiipiga nyundo kichwani, ndiyo ninayoishika kwanza.

Tazama kama diski ina matundu mawili yenye nyuzi. Mara nyingi ni ya bolti za M8, yaani kipenyo cha milimita 8, zenye hatua ya 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi. Ukiwa nazo mbili zilizopakwa mafuta, unazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, zinaisukuma diski ijitoe yenyewe. Hapo nyundo inabaki msaidizi: piga kati ya studi, zungusha diski, piga tena. Usipige upande mmoja tu, wala kwa nguvu kupita kiasi, maana beringi inaweza kuumia.

Kabla ya kugonga, rudishia nati mbili kwenye studi, nyuzi chache tu. Diski ikiachia, huachia ghafla, nayo ni nzito. Usiache miguu yako iwe mahali pa kuipokea.

Andaa waya wa kuning'inizia kalipa, maana hose yake ya mafuta ya breki si kamba. Miwani ya kinga na barakoa viwepo. Pedi za zamani sana zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lilowanishe na ulifute, usilipulize kwa hewa. Kuhusu moto wa kulegeza kutu, mimi siushauri nyumbani: karibu hapo kuna mpira, grisi na mafuta uliyopulizia, na baadhi ya dawa za kusafishia breki zenye klorini zikipata joto hutoa gesi ya sumu.

Tenga brashi ya waya na msasa pia. Uso wa habu usipong'arishwa, kutu kidogo iliyobaki itaipindisha diski mpya, na pedali itatetemeka mguuni. Fanya upande mmoja kwanza, wa pili ubaki mzima kama kielelezo. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni za kalipa, zile zinazosukuma pedi, ulizozirudisha ndani ili diski mpya iingie bado ziko mbali na pedi.