Kukadiria mafuta na umeme wa tanuri la kuchomea maiti

Tanuri la gesi hutumia takribani kWh 285 za joto na kWh 15 za umeme kwa mwili mmoja. Lita ya dizeli hutoa kama kWh 10, kilo ya gesi ya mitungi karibu 13. Basi panga lita 29 za dizeli au kilo 22 za gesi. Mwili wa kwanza hula zaidi, maana matofali yamepoa na chemba ya pili, inayounguza moshi wa ile ya kwanza, sharti ifike 850°C kabla jeneza halijaingizwa. Kufululiza miili siku moja ndiko kunakookoa mafuta kuliko hila nyingine yoyote.

Gesi ina mtego wake: ukiivuta kwa kasi kutoka mtungi mmoja, mtungi hupoa hadi kushika barafu, presha hushuka na kichomeo huzima. Unganisha mitungi kadhaa kwenye bomba moja.

Umeme ni kidogo, lakini usiudharau. Ukikatika, feni husimama na vichomeo huzimika, ila mwili huendelea kuungua kwa hewa haba. Ndipo moshi mweusi hutoka. Chagua jenereta inayohimili mota zinapowaka, kwani huvuta hata mara 6 ya mkondo wa kawaida.