SOMO: Aiskrimu ya kurushiana, bila mashine wala friza

Salamu wakuu. Somo hili ni la siku ya jua kali, watoto wako nje, na hakuna anayetaka kusimama jikoni. Tunatengeneza aiskrimu kwa kuirusharusha. Msidhani mchezo umewekwa hapa kuwabembeleza watoto. Mchezo ndio mashine yenyewe. Mfuko ukiuacha utulie mezani, utapata bonge gumu la maziwa yaliyoganda. Ukirushwa, ukaviringishwa, ukachezwa nao muziki, inatoka aiskrimu. Wavivu wa kucheza wakae pembeni, wataosha vijiko.

MAHITAJI (mfuko mmoja, watu wawili)

Krimu nzito mililita 60 na maziwa yasiyoondolewa mafuta mililita 60. Sukari kijiko kimoja cha chakula, cha kusawazisha, si cha mlima. Vanila robo kijiko cha chai. Chumvi chembe chache tu, kuiamsha ladha.

Upande wa baridi: barafu gramu 600 iliyopondwa vipande vya ukubwa wa njugu hadi jozi, na chumvi gramu 150, yaani kama nusu kikombe. Chumvi ya mawe ni nzuri kwa sababu inayeyuka polepole na baridi inadumu, lakini hata ya mezani inafanya kazi.

Mifuko minene ya zipu: miwili midogo ya nusu lita, mmoja mkubwa wa lita 4. Mifuko myembamba haifai, inatoboka kwenye kona za barafu. Mwisho, taulo nene au glavu. Hilo si la hiari, nitaeleza.

HATUA

1. Koroga krimu, maziwa, sukari, vanila na zile chembe za chumvi mpaka usione sukari chini ya bakuli. Kisha mchanganyiko upoe kwenye jokofu saa moja au zaidi. Kama huna jokofu, umimine kwenye mfuko mdogo, ufunge, uufukie kwenye barafu tupu dakika 20 kabla ya kuweka chumvi. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalalamika kwamba barafu imeisha kabla ya aiskrimu kuiva.

2. Mchanganyiko ukiwa ndani ya mfuko mdogo, kandamiza hewa itoke. Hewa inazuia baridi kupita, na ndiyo inayopasua zipu mfuko ukianguka. Funga, futa mdomo ukauke, kisha uuingize kwenye mfuko mdogo wa pili ukiwa kichwa chini, mdomo wa ndani uangalie kitako cha mfuko wa nje. Zipu mbili zikikaa upande mmoja, zikiachia zinaachia pamoja.

3. Kwenye mfuko mkubwa weka nusu ya barafu, nusu ya chumvi, mfuko mdogo, halafu barafu na chumvi iliyobaki. Toa hewa, funga.

4. Funga bunda lote kwa taulo. Sasa chezeni, dakika 8 hadi 10.

5. Kuanzia dakika ya 5, simameni kila baada ya dakika mbili mbonyeze mfuko wa ndani mkiwa na glavu. Mwanzo unahisi maji, kisha uji, kisha kitu kinachoshika alama ya kidole. Hapo imefika. Ukiendelea, inakuwa ngumu na kugawanyika mabonge.

6. Toa mfuko mdogo, uoshe kwa maji baridi sekunde chache kabla ya kuufungua, na ufute mdomo vizuri. Chumvi iliyojificha kwenye zipu ndiyo inayoharibu aiskrimu nyingi kuliko kosa lingine lolote. Kata kona moja ya mfuko, kamulia kwenye vikombe, mle palepale.

KUHUSU HUO MCHEZO

Mfuko uliojaa una uzito wa karibu kilo moja, kwa hiyo hatuurushi kama mpira wa kikapu. Simameni duara, hatua mbili kati ya mtu na mtu, mrushe kutoka chini, mikono yote miwili, na anayepokea awe anatazama. Wadogo sana waketi chini na kuviringishiana mfuko sakafuni au kwenye nyasi. Unafanya kazi ileile.

Unaonoga zaidi ni ule wa wimbo. Mmoja anaimba akiwa amewapa mgongo, bunda linazunguka duara, akikatiza ghafla aliyelishika anatoa sauti ya mnyama au anacheza mtindo anaoutaka, huku mfuko bado uko mkononi unatikisika. Wimbo ukiwa wa dakika tatu, imbeni mara tatu, mtakuwa mmemaliza kazi bila kutazama saa. Mwenye aibu ya kucheza mbele za watu ndiye huutikisa mfuko vizuri zaidi, kwa sababu anatetemeka. Sheria moja tu: mfuko usitulie zaidi ya sekunde chache.

Sababu yake ni hii. Maziwa yanaanza kuganda kwenye kuta za mfuko, kule baridi inakoingia. Yakitulia, tabaka hilo linanenepa na chembe za barafu zinakua kubwa, ulimi unazisikia kama mchanga. Kila mtupo unalibandua tabaka hilo na kulirudisha katikati. Chembe zinabaki ndogondogo, na udogo wake ndio ulaini tunaoutafuta. Mashine ya kuzungusha kwa mkono, ambayo Nancy Johnson alipata hataza yake Marekani mwaka 1843, inafanya jambo hilohilo: kopo ndani ya barafu yenye chumvi, na makasia yanayokwangua kuta.

KWA NINI CHUMVI

Barafu tupu inayoyeyuka hukaa nyuzi 0. Maziwa yenye sukari hayagandi nyuzi 0, yanahitaji kushuka nyuzi kadhaa chini yake, kwa hiyo barafu tupu ungeitikisa hadi jioni bila faida. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke ikiwa chini ya sifuri, na kuyeyuka kunahitaji joto: linanyonywa kutoka kwenye maziwa yako (na vidole vyako). Kwa uwiano mzuri, barafu na chumvi vinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa kwenye mfuko unaochezewa juani tarajia baridi ndogo kuliko hiyo. Ukiona maji mengi kwenye mfuko mkubwa, usiogope. Hayo maji ndiyo kazi inavyofanyika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, tumecheza dakika 15 na bado ni uji. Tatizo nini?

Jibu: Fungua taulo utazame nje ya mfuko mkubwa. Ukiona utando mweupe wa jalidi, baridi ipo, na kosa liko kwenye mchanganyiko: ulikuwa na joto au sukari imezidi. Sukari inashusha kiwango cha kuganda kama chumvi inavyofanya, na vijiko vitatu badala ya kimoja vinatosha kukwamisha kila kitu. Ukiona matone ya maji tu, baridi haitoshi: chumvi ni kidogo au vipande vya barafu ni vikubwa. Mwaga nusu ya maji, ongeza barafu iliyopondwa vikombe viwili na chumvi vijiko vinne vya chakula, mrudi mchezoni.

Swali: Yetu imetoka ya chumvi. Naweza kuiokoa?

Jibu: Hapana. Usijaribu kuongeza sukari, utakuwa na makosa mawili. Anza upya, rudia hatua ya 2 na ya 6 kwa makini.

Swali: Krimu haipatikani. Maziwa peke yake?

Jibu: Yataganda, ila yatakuwa na chembe zaidi, kwa kuwa mafuta ndiyo yanayoleta ulaini. Kwenye mililita 120 za maziwa koroga vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga. Yanafunga sehemu ya maji yasigeuke barafu tupu. Njia nyingine ni maziwa mazito ya kopo yenye sukari, vijiko viwili vya chakula kwenye mililita 100 za maziwa, na hapo usiweke sukari nyingine kabisa. Asiyetumia maziwa atumie tui zito la nazi mililita 120 na sukari kijiko kimoja na nusu. Tui jepesi linatoa barafu tu.

Swali: Matunda yanaingia lini? Niliweka nanasi, ikawa chungu.

Jibu: Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, ndiyo maana ya uchungu. Lichemshe dakika chache, lipoe, kimeng'enya kitakuwa kimekufa. Limao nalo hukatisha maziwa, liache. Ndizi iliyoiva sana ndiyo rafiki wa kweli: ponda nusu yake, changanya tangu mwanzo, inaongeza hata ulaini. Embe na stroberi zikate ndogo kama punje za maharage, zilaze na sukari kijiko cha chai kwa nusu saa, uzitie mwishoni kabisa. Ukitia vipande vikubwa bila sukari vinaganda kama kokoto.

Swali: Ni salama kwa watoto kushika?

Jibu: Wakiwa na taulo au glavu, ndiyo. Bila hivyo, hapana, hata kwa mtu mzima. Barafu yenye chumvi ina baridi kali kuliko barafu ya kawaida, na inaweza kuunguza ngozi kwa dakika chache. Hatari yake ni kwamba ganzi inakuja kabla ya maumivu, kwa hiyo mtoto halalamiki. Ngozi ikigeuka nyeupe au ikipoteza hisia, acheni mara moja, weka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, na usisugue. Hisia zisiporudi, au yakitokea malengelenge, mpeleke kwa daktari. Taulo likilowa chepechepe libadilisheni, maana maji ya chumvi yanapitisha ubaridi uleule.

Swali: Hatutaki kutumia mifuko ya plastiki. Kuna njia?

Jibu: Ipo, tena ni ya miguu. Kopo la nusu lita lenye kifuniko cha kukaza, ndani ya kopo la lita 3 lenye kifuniko pia. Katikati jaza barafu na chumvi kwa uwiano uleule, sehemu nne kwa moja. Kaeni wawili mkitazamana, mviringishiane kwa nyayo. Chuma kinapitisha baridi vizuri, lakini kuviringika kunakwangua kidogo kuliko kutikisa, hivyo fungua baada ya dakika 10, kwangua kuta kwa kijiko, funga, endelea dakika 10 nyingine. Usilijaze kopo dogo zaidi ya nusu. Likijaa, hakuna kinachotembea ndani.

Swali: Tuko watu 20. Nizidishe vipimo kwenye mfuko mmoja mkubwa?

Jibu: Usifanye hivyo, katikati haitaganda. Tengeneza mifuko kumi, na timu kumi za wawili wawili. Hiyo ni barafu kilo 6 na chumvi kilo moja na nusu; nunua barafu kilo 8, maana nyingine inayeyuka wakati mnabishana nani aanze.

Swali: Maji ya chumvi yaliyobaki nimwagilie maua?

Jibu: Yatayakausha. Ila usiyamwage mapema. Vipande vya barafu vikiwa bado vinaelea, maji hayo yako chini ya sifuri. Tumbukiza mfuko mdogo wa juisi mililita 100, ufunge mara mbili kama kawaida, na utikise taratibu. Baada ya dakika 10 hivi juisi inakuwa theluji ya kunywa kwa kijiko. Ukimaliza, mimina maji kwenye sinki, suuza mifuko, uianike.